Kuandaa podikasti katika maonyesho ya vitabu: mwongozo wa kurekodi mijadala na mahojiano ya waandishi

Maonyesho ya vitabu ni soko kwanza, na jukwaa la fasihi baadaye. Wengi wanaofika Lugogo jijini Kampala, au kwenye uwanja wa Makumbusho ya Uganda kando ya barabara ya Kira, wamekuja kununua na kuuza, kupatana punguzo la bei, kutafuta msambazaji wa mikoani au kumwonyesha mchapishaji mswada uliokaa kabatini. Wanaoketi hemani kusikiliza mjadala tangu mwanzo hadi mwisho ni wachache. Kwa sababu hiyo, anayetaka kuandaa podikasti ya maonyesho hayo na aanze kwa kuamua anamrekodia nani. Ushauri wangu ni kwamba amrekodie mtu asiyekuwepo: mwalimu wa Kiswahili aliyeko Gulu, muuza vitabu wa Arua, mkutubi wa Fort Portal, au msomaji wa Bunia ng'ambo ya mpaka. Mtu huyo hakuliona jukwaa wala hakuwaona wazungumzaji, analipia bando lake mwenyewe, na akimaliza kusikiliza atataka kujua kitabu kinapatikana wapi na kwa bei gani. Maamuzi yote yanayofuata, kuanzia uteuzi wa mijadala hadi ukubwa wa faili, yanatokana na haja zake.

Msikilizaji wa Kiswahili ana sababu zaidi za kuhudumiwa. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Hata hivyo, ukikaa katika mahema ya mijadala jijini Kampala utasikia Kiingereza kwa sehemu kubwa, na Kiganda pale mada inapohusu lugha za nyumbani au hadithi za watoto. Anayeandaa podikasti ya Kiswahili kwa hiyo hubeba kazi mbili kwa pamoja, ya kurekodi na ya kutafsiri, na ni vyema ajue hivyo kabla hajafunga mkoba wa vifaa.

Kuchagua kabla ya kufika

Omba ratiba kwa waandaaji wiki kadhaa kabla. Nchini Uganda shughuli za namna hii zimekuwa zikisimamiwa na tasnia yenyewe, kupitia chama cha wachapishaji na NABOTU, chombo kinachowaunganisha waandishi, wachapishaji, wauzaji wa vitabu na wakutubi. Kwa upande wa waandishi, FEMRITE, chama cha waandishi wanawake kilichoanzishwa katikati ya miaka ya 1990, ni mahali pazuri pa kuulizia nani atakuwepo na nani yuko tayari kuzungumza. Ukipata ratiba, isome ukiwa na kalamu, na usishawishike kurekodi kila kitu. Saa nyingi za sauti ambazo hakuna atakayezihariri hubaki kwenye kompyuta mpaka kompyuta yenyewe ife.

Ufunguzi rasmi uache. Hotuba ya mgeni rasmi, ambayo huanza kwa kuwatambua waheshimiwa mmoja mmoja kwa mujibu wa itifaki na kumalizika wakati watu wamekwisha kuanza kutazama saa, haiwezi kuwa kipindi cha kusikilizwa na mtu aliye Arua. Kama mgeni ametangaza jambo linalogusa kodi ya karatasi, ununuzi wa vitabu vya shule au sera ya lugha, chukua dakika hizo mbili tatu na mengine uwaachie magazeti.

Mijadala inayofaa kusikilizwa ni ile ambayo wazungumzaji wake hawana msimamo mmoja: mchapishaji na muuza vitabu wakizungumzia vitabu vinavyotolewa kopi na kuuzwa barabarani, mwandishi na mhasibu wa kampuni ya uchapishaji wakizungumzia mirabaha, yaani malipo anayopata mwandishi kutokana na mauzo ya kitabu, mwalimu na mwandishi wa vitabu vya kiada wakizungumzia Kiswahili kinachomfaa mtoto ambaye nyumbani anasema Kiacholi au Kinyankole. Hesabu pia idadi ya walioalikwa. Msimamizi na wazungumzaji watatu wanasikika vizuri. Wakiwa sita, msikilizaji asiyeona nyuso atachanganyikiwa kabla ya robo saa kwisha, hata kama kila mmoja wao ana la maana. Kwa timu ya watu wawili, yaani mtangazaji na fundi wa sauti, mijadala miwili na mahojiano matatu kwa siku ni kazi ya kutosha. Aliye peke yake na apunguze nusu, kwa maana hawezi kuuliza maswali mazuri huku macho yake yako kwenye mshale wa kinasa sauti.

Ruhusa

Watu wengi hudhani kwamba neno lililosemwa hadharani ni mali ya kila aliyelisikia. Sheria ya Hakimiliki na Haki Jirani ya Uganda ya mwaka 2006 inazitaja hotuba na mihadhara miongoni mwa kazi zinazolindwa, pamoja na vitabu na makala. Kibali cha waandaaji kukuruhusu uingie na maikrofoni hakitoshi. Kila mzungumzaji anapaswa kukubali sauti yake irekodiwe, ihaririwe na isambazwe. Andaa fomu ya ukurasa mmoja kwa lugha nyepesi, isainiwe kabla ya mjadala kuanza, kisha mwombe kila mtu aseme kwa sauti yake mwanzoni mwa rekodi jina lake, cheo chake na kwamba amekubali. Utapata ruhusa inayosikika, na pia utajua jina lake linavyotamkwa, jambo ambalo katika nchi yenye lugha nyingi kama hii si la kubahatisha.

Wanafunzi huletwa kwa mabasi kwenye maonyesho, na inavutia kumsogezea mtoto maikrofoni aseme anapenda hadithi gani. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kuchukua taarifa binafsi za mtoto, kwa hiyo mtafute mwalimu aliyewaleta mapema, mpe fomu zipelekwe nyumbani, na kama hazikurudi tumia kelele za kundi zima bila kutaja jina wala shule. Muziki wa kuanzia kipindi nao una mwenyewe. Mlipe mpiga adungu au endingidi, ala za nyuzi za Uganda, akupigie sekunde 20 za kwako, na upate hati ya maandishi. Mwisho, uliza katika Tume ya Mawasiliano ya Uganda (UCC) kama kipindi chako ni cha aina inayohitaji usajili, hasa kama kitakuwa na matangazo ya biashara.

Sauti ndani ya hema

Tembelea ukumbi siku moja kabla, saa ile ile ambayo mjadala utafanyika, uketi kimya na usikilize. Utasikia jenereta nyuma ya hema, spika za banda la jirani linalopiga muziki ili kuvuta wateja, feni inayogonga, bodaboda wakipokezana honi langoni, na ndege aina ya kwarara wakipita juu kwa makelele yao ambayo hayana heshima kwa mwandishi yeyote. Mvua nayo ina majira yake, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, na ikishuka juu ya mabati hakuna programu ya kompyuta itakayoiondoa. Ukishayasikia hayo utajua meza ya wazungumzaji ielekee wapi, na unaweza kumwomba mwandaaji kwa upole aisogeze jenereta au azungumze na wenye muziki. Maombi ya namna hiyo hukubaliwa siku moja kabla. Asubuhi ya tukio hakuna mwenye muda nayo.

Mjadala urekodiwe kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni waya kutoka kwenye mikisa ya ukumbi, yaani mtambo wa kuchanganyia sauti, kwenda kwenye kinasa sauti chako, kwa sababu pale sauti za maikrofoni zote zimekusanywa zikiwa safi. Fundi wa mitambo ndiye mwenye ufunguo wa njia hii, kwa hiyo fika mapema, msalimie vizuri, mwulize kama ana tundu la kutolea sauti lisilotumika, na uje na waya zako mwenyewe za ncha tofauti. Sauti inayotoka kwenye mikisa ina nguvu kubwa kuliko ya maikrofoni. Kama kinasa sauti chako hakijawekwa katika mpangilio wa kuipokea, itakwaruza hata ukishusha kiwango hadi chini kabisa. Zima pia umeme wa volti 48 unaopelekwa kwa baadhi ya maikrofoni, kwani mikisa haiuhitaji na nyingine huweza kudhurika. Viwango viwekwe ili kilele cha sauti kifike karibu na desibeli 12 chini ya sifuri, ubaki na nafasi ya mzungumzaji atakayepandwa na hasira.

Njia ya pili ni kinasa sauti kingine kilichowekwa mbele ya meza au karibu na hadhira. Hiki hunasa vicheko, makofi na maswali ya watu waliokataa kusubiri maikrofoni ya mkononi, vitu ambavyo mikisa haivijui. Mwombe msimamizi arudie kila swali kabla halijajibiwa. Wasimamizi hukubali, kisha husahau baada ya swali la pili, kwa hiyo keti mahali atakapoweza kukuona ukimkumbusha kwa kidole.

Vinasa sauti vitumie betri. Umeme wa Uganda ni wa volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde, na mngurumo wa mizunguko hiyo huingia kwenye waya kwa urahisi pale vifaa vingi vinapogawana soketi moja. Zaidi ya hayo, umeme ukikatika katikati ya jibu zuri, kifaa cha betri hakitatambua. Rekodi kwa faili za WAV, kilohezi 48 na biti 24. Saa moja ya sauti ya mkondo mmoja (mono) huchukua takribani megabaiti 520, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 32 inabeba zaidi ya saa 50 na hakuna sababu ya kubana. Anayetumia simu kama kinasa sauti aiweke katika hali ya ndegeni, la sivyo shangazi atapiga katikati ya shairi.

Kwa mahojiano ya ana kwa ana, maikrofoni ya kushika mkononi ya aina ya dainamiki, kama ile Shure SM58 inayoonekana makanisani na kwenye mikutano, inashinda maikrofoni za bei kubwa zaidi zinazosikia kila kitu. Hiyo inasikia kilicho karibu nayo, na sokoni ndicho unachotaka. Ishike wewe mwenyewe, umbali wa kiganja kutoka mdomoni mwa mgeni, pembeni kidogo ili herufi za p na b zisilipuke. Kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti hushuka kwa takribani desibeli sita huku kelele za ukumbi zikibaki pale pale. Ukimkabidhi mgeni maikrofoni atazungumza kwa mikono miwili, na maikrofoni itakwenda kila mikono inapokwenda.

Mahali pa kufanyia mahojiano pasiwe mbele ya banda. Nyuma ya mabanda, katikati ya katoni za vitabu zilizopangwa hadi mabegani, kuna utulivu ambao watu hawautarajii, kwa sababu karatasi humeza mwangwi. Gari lililoegeshwa, madirisha yakiwa yamefungwa na injini imezimwa, ni studio bora zaidi utakayoipata Kampala bila kulipa, ingawa kuna joto na mgeni hatavumilia zaidi ya dakika 20. Epuka ngazi, kumbi zenye sakafu ya vigae na vyumba vitupu. Kabla ya kuagana, rekodi nusu dakika ya kimya cha mahali hapo; utakihitaji kuziba mapengo wakati wa kuhariri.

Kisha zunguka peke yako urekodi maonyesho yenyewe: kisu kikikata utepe wa katoni mpya, mashine ya risiti, mwalimu mkuu akiuliza "Mwisho bei gani nikichukua nakala 40?" na muuzaji akivuta pumzi kabla ya kujibu. Sekunde kumi za sauti hiyo humweka msikilizaji mahali pale kuliko maelezo marefu ya mtangazaji.

Mahojiano na mwandishi

Soma kitabu. Kama umekipata asubuhi ile ile na mahojiano ni mchana, soma sura ya kwanza, sura ya mwisho, shukrani, na kurasa kadhaa za katikati ulizozifungua bila kuchagua, halafu mweleze mwandishi kwa uaminifu umesoma kiasi gani. Waandishi wamezoea kuhojiwa na watu waliosoma maneno ya nyuma ya jalada tu, na hutambua hivyo katika swali la kwanza. Weka alama kwenye kifungu kimoja utakachomwomba asome; ukurasa mmoja wa riwaya huchukua karibu dakika mbili, na kwa kisomo kirefu zaidi ya hapo pata kibali cha mchapishaji.

Kabla ya kuwasha kinasa sauti, muulize anapenda kuitwaje. Yuko atakayetaka Profesa, yuko atakayeridhika na Mwalimu, na mama wa makamo anayeitwa Mama na kila mtu bandani huenda hataki kuitwa hivyo kwenye kipindi kitakachosikilizwa na wakubwa wake wa kazi. Ukishajua, shika njia moja hadi mwisho. Salamu zifanyike kwa ukamilifu kabla ya kurekodi, na zile za kwenye kipindi ziwe fupi, kwa sababu msikilizaji amekwisha kulipia dakika hizo.

Swali la "Kitabu chako kinahusu nini?" libaki nyumbani. Mwandishi amelijibu tangu asubuhi kwa kila mteja aliyesimama mbele ya meza yake, na atakupa maneno yale yale aliyokwisha kuyakariri. Shika kitu kimoja kilichomo kitabuni na umuulize juu yake. Tuseme ni riwaya ya binti anayeuza ndizi kituo cha mabasi. Swali linaweza kuwa hivi: "Mama, katika sura ya tatu huyu binti ana kitabu cha hesabu magotini wakati anasubiri wateja. Kwa nini kikawa cha hesabu?" Swali kama hilo humrudisha mwandishi mezani kwake, siku aliyoandika sentensi ile, na jibu lake litakuwa la siku hiyo. Mada pana za utamaduni, vijana na maendeleo zitajitokeza zenyewe kupitia kitabu cha hesabu; ukiziuliza moja kwa moja utapewa hotuba.

Jibu fupi nalo ni mlango. Angalia mfano huu wa mazungumzo:

"Mwalimu, mswada ulikaa kwa mchapishaji muda gani kabla hujajibiwa?"

"Muda mrefu."

"Wakati unasubiri ulikuwa umeanza kuandika kingine?"

"Hapana. Nilikuwa narudia kile kile. Waliponijibu, nilikuwa na mswada mwingine kabisa, na walikuwa wamekubali ule wa zamani."

"Ukawapa upi?"

Kilicholeta simulizi ni kwamba mtangazaji hakuruka kwenda kwenye swali lililofuata kwenye karatasi yake. Maswali uliyoyaandika ni ya kukusaidia pale mazungumzo yanapokauka. Mgeni akinyamaza, mwache anyamaze; hesabu kimoyomoyo hadi tano, mtazame, tikisa kichwa, na usitie "ndiyo, ndiyo" juu ya maneno yake, maana sauti hizo haziondoki wakati wa kuhariri. Mara nyingi maneno ya maana husemwa baada ya kimya hicho, pale mgeni anapodhani amekwisha kujibu.

Kwa kuwa tuko kwenye maonyesho ya biashara, uliza pia ya biashara, na uyaulize bila aibu. Nani alihariri? Zilichapishwa nakala ngapi, na zilichapishwa wapi? Haki za kutafsiri kwa Kiswahili au Kiganda ziko kwa nani, kwako au kwa mchapishaji? Kitabu kinafikaje Mbarara? Muuza vitabu anayesikiliza anayahitaji majibu haya kuliko falsafa ya uandishi, na mwandishi chipukizi atayasikiliza mara mbili. Mhojiwa asiyetaka kutaja idadi au malipo aruhusiwe kukataa. Mara nyingine namna anavyokataa inatosha.

Afisa wa masoko wa mchapishaji akija kusimama karibu na kuanza kumjibia mwandishi, usigombane naye. Mwambie kwamba una maswali yake yeye pia na utamhoji baadaye, na umhoji kweli, kwa sababu anajua bei, punguzo na wasambazaji kuliko mwandishi mwenyewe. Na mwandishi akikuomba uondoe jambo alilosema juu ya familia yake au juu ya siasa, liondoe kama linaweza kumletea madhara. Lakini akitaka kubadilisha jibu ili lionekane la hekima zaidi, mweleze kwamba anaweza kusahihisha kosa la ukweli tu.

Lugha mbili katika kipindi kimoja

Muulize mgeni mapema kama yuko huru kuzungumza Kiswahili. Waganda wengi walikipata jeshini, sokoni, au walipokuwa wakisoma Kenya na Tanzania, na wako wanaokijua vizuri kuliko wanavyokiri. Hata hivyo mwandishi anayefikiri kwa Kiingereza au Kiacholi atatoa majibu makavu akilazimishwa. Mrekodi katika lugha anayoimiliki. Wageni kutoka Bunia au Goma watazungumza Kiswahili chao cha Kongo, na hakuna haja ya kukisahihisha wala kukitolea maelezo, isipokuwa pale ambapo msikilizaji kweli hataelewa.

Kwenye kipindi, acha sauti ya asili isikike kwa sentensi moja nzima, kisha ishushwe taratibu na msomaji mwingine asome tafsiri ya Kiswahili juu yake, na mwisho wa jibu sauti ya mgeni ipande tena kwa maneno machache. Msomaji awe wa jinsia na rika linalokaribiana na la mgeni, na asiwe mtangazaji mwenyewe, la sivyo itasikika kama mtangazaji anajiuliza na kujijibu. Tafsiri isomwe kama mazungumzo. Kinachoharibu vipindi vingi vya namna hii ni tafsiri iliyoandikwa kwa Kiswahili cha barua ya ofisini na kutiwa mdomoni mwa mtu aliyekuwa anacheka. Mashairi yasishushwe sauti hata kidogo: yaache yasomwe yote katika lugha yake, ndipo tafsiri ifuate.

Kuhariri na kutoa

Mjadala wa saa moja na nusu unaweza kuwa kipindi cha dakika 35 bila mtu kupungukiwa. Ondoa wasifu mrefu wa wazungumzaji uliosomwa na msimamizi, matangazo ya gari lililozuia njia, na maswali yaliyokuwa hotuba. Mahali pake weka sauti yako ikieleza kwa ufupi nani anazungumza na kwa nini anabisha. Taja majina mara kwa mara, kwani msikilizaji hana kibao cha jina mbele yake. Utangulizi ukae chini ya nusu dakika, kwa mfano: "Tuko katika maonyesho ya vitabu, Kampala. Mezani yuko mchapishaji anayesema kitabu cha shule hakiwezi kuuzwa chini ya bei hii, na muuza vitabu anayesema kwa bei hiyo hatanunua." Baada ya hapo waingie wenyewe.

Programu ya bure ya Audacity inatosha kwa kazi yote hii. Kata masafa ya chini ya hezi 80 ili kupunguza mngurumo wa jenereta, sawazisha sauti za wazungumzaji, kisha weka kiwango cha jumla karibu na LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti ya kipindi kizima) 19 chini ya sifuri kwa faili la mkondo mmoja. Toa MP3 ya mkondo mmoja ya kilobiti 64 kwa sekunde: saa nzima ni karibu megabaiti 29, na kipindi cha dakika 20 hakifiki megabaiti 10, mzigo ambao mtu wa bando la siku anaweza kuubeba na kumtumia mwenzake kwa WhatsApp. Kipindi kimoja kifupi kitoke jioni ile ile, maana mabanda bado yapo na kinaweza kuleta mnunuzi kesho yake. Vilivyobaki vitoke kimoja kila wiki.

Maelezo yanayoambatana na kipindi ndiyo yanayomaliza kazi aliyoianza msikilizaji wetu wa Arua. Andika jina kamili la kitabu na la mwandishi, mchapishaji, mwaka, na ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, ambayo kwa vitabu vingi vilivyochapishwa Uganda huanza na 9789970. Andika bei kwa shilingi kama ilivyokuwa siku ya maonyesho, ukieleza kwamba ni ya siku hiyo, na duka au mchapishaji anayeweza kutuma kifurushi kwa basi hadi mikoani. Weka dakika ambapo kila mada inaanza, ili mtu anayetaka habari za haki za tafsiri tu asilazimike kusikiliza mirabaha.

Rekodi zenyewe, kabla ya kuhaririwa, zitunzwe katika diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti. Juni 1962 waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza walikutana Makerere, na mwaka huo huo Transcription Centre ilianzishwa jijini London, ikarekodi mahojiano na waandishi wa Afrika kwa ajili ya redio. Sehemu ya mahojiano hayo ilikuja kuchapishwa kitabuni mwaka 1972, na wanafunzi wa fasihi wanayanukuu mpaka leo. Kila faili lipewe jina linaloanza na mwaka, mwezi na siku, likifuatiwa na jina la mzungumzaji na lugha aliyotumia. Nakala moja mpe mwandishi, nyingine waandaaji. Fomu za ridhaa zipigwe picha na zikae katika folda hiyo hiyo, kwa sababu mtu atakayetaka kuitumia sauti hiyo baadaye ataulizia ruhusa kwanza, na kama haipo hataweza kuitumia hata iwe nzuri namna gani.